Panda Mzani, Saady

"Zaitun, nielewe. Mimi ni kama mwanga, sijaumbwa kutulia."

"Saady! Washenga wako wamekaa dukani kwa baba tangu asubuhi. Baba hapokei posa mpaka akuone. We unaniletea habari za mwanga?"

Saady, fundi sola wa Kasulu, alishafika stendi ya Kibondo, simu sikioni. Miguu ndiyo iligoma. Anampenda, sasa anaogopa nini? Hata mwenyewe hakujua. Akakimbilia utani.

"Ticha, si we unafundisha fizikia? Mwanga hauna uzito."

"Hauna uzito wa kutulia, kwa sababu hautulii! Ukimbize utakavyo, utakuacha kwa kasi ileile. Hayupo atakayeuona umesimama."

"Mbona jua linanichoma nikiwa juu ya bati?"

"Nishati mwanga unayo. Hata kusukuma unasukuma. Ila yote ni ya mwendo. Toa mwendo, hakibaki kitu."

"Mama yangu! Nimezidi kuchanganyikiwa."

"Kitu chenye uzito wa kutulia, hata wa punje, hakifiki kasi ya mwanga. Kingetaka nishati isiyoisha. Lakini hicho kinaweza kusimama. We uko upande gani?"

Zaitun akakata simu. Meseji ikaingia: "Wazee wakiondoka bila wewe, basi. Futa namba yangu."

Saady akadandia bodaboda.

Mzee Shamsi, baba yake Zaitun, alikuwa dukani, katikati ya magunia ya maharage. Washenga wameshavaa kofia, wanaaga.

"Ndiye huyu?"

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mimi sijawahi kupokea gunia bila kulipima. Panda mzani."

"Mimi?!"

"Ego, ndiyo, wewe. Panda."

Akapanda. Anajikuna, anageuka, anacheka peke yake. Mshale unaruka huku na huku.

"Kijana, hausomeki! Una nini?"

"Hata sijui, baba."

Zaitun alisimama mlangoni, macho mekundu. Saady akamtazama, kicheko kikamkauka. Mikono ikashuka. Mshale ukacheza kidogo, ukasimama.

"Sabini na moja," mzee akasoma. "Kumbe unatulia."

"Umeona?" Zaitun akafuta machozi. "Una uzito wa kutulia. We si mwanga."

"Sasa mimi ni nini?"

"Mchumba. Shuka, wazee wana njaa."

Washenga wakavua kofia, wakakaa tena.