Nani Aliyezika Duka la Viatu?

Saa mbili asubuhi fundi viatu aliandika jina la duka lake kwenye simu, akatafuta. Kurasa tano, hola! Duka ambalo wazazi wa watoto wenye miguu iliyopinda walilikuta juu kabisa kila walipotafuta viatu lilikuwa limefutika. Mteja mmoja tu alifika asubuhi hiyo, akauliza, "Babu yupo?" Hakuna aliyemjali.

Kufikia saa tatu mtuhumiwa alishapatikana: baba mkwe wake.

"Mzee anaandika maoni kwenye kila blogu na kubandika kiungo cha duka," alisema fundi wa tovuti, kijana mwenye maneno matamu. "Injini za utafutaji zinachukia hayo. Ametuponza."

Mzee hakubisha. Alitia kompyuta yake kwenye mkoba, akamkabidhi mkaza mwanawe, fundi viatu, kwa mikono miwili, akaanza kukunja nguo ahamie kwa dada yake.

Ndipo akaitwa shangazi yake fundi viatu, mpelelezi wa makosa ya mtandaoni, jina la utani Siafu. Jamani, mama huyu! Akiuma haachii. Aliomba chai, akasoma maoni ya mzee yote bila kuruka hata moja.

"Mzee, huyu mama ambaye mtoto wake alikuwa akilia kiatu kinambana. Ulimwandikia aya sita?"

"Aliuliza vizuri, mama. Ningemjibu kwa mstari mmoja?"

"Na kiungo ukaweka."

"Mwishoni, aone picha."

Siafu alimgeukia fundi viatu, akamwonyesha msimbo wa blogu moja, maandishi yaliyofichika nyuma ya ukurasa. "Tazama. Blogu hizi zote zinatia alama kwenye viungo vya maoni, kuiambia injini: hiki usikihesabu. Hakikupandishi wala hakikuzamishi."

"Basi ni mshindani wetu wa mtaa wa pili!"

"Hata mimi nilimwaza." Siafu akafungua tovuti za kamari, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa na maneno yaleyale, "viatu bora nafuu", na zote zilielekeza kwenye ukurasa mmoja wa duka. "Viungo vya kununuliwa. Hivi ndivyo vilivyoleta adhabu ya injini. Ukurasa huu unaujua?"

"Sijawahi kuuona."

"Ni wa majaribio, haujatangazwa popote. Mshindani angeipata wapi anwani yake?" Alimtazama fundi wa tovuti. "Aliyekuwa nayo ni wewe peke yako, mwanangu."

Kijana alifuta jasho. "Nilimwahidi dada huyu tutapanda haraka, nikavinunua. Tulipoanguka nikaogopa. Na mzee... mzee alikuwa hasemi kitu."

"Ukamtwika mzigo wako kwa sababu ya upole wake! Huna hata haya? Kaa hapo. Utaviondoa vyote, kisha utaandika ombi duka lisamehewe, nikikutazama."

Fundi viatu alikuwa ameshika kichwa. "Shangazi, yule mteja wa asubuhi aliyemuulizia babu..."

"Alitoka kwenye maoni ya mzee. Injini haivihesabu viungo vyake, lakini akina mama wanamsoma. Mimi mwenyewe nimemsoma mpaka chai ikapoa. Mkweo ana kipaji, mwanangu."

Fundi viatu aliingia chumbani, akaitoa kompyuta kwenye mkoba, akaiweka mapajani mwa mzee. Machozi yalimlengalenga.

"Baba, nisamehe. Kuna mama ameuliza tangu juzi, mtoto wake anakiogopa kiatu. Sisi hatujui tumjibu nini."

Mzee aliliweka kando shati alilokuwa akilikunja.

"Mtoto ana umri gani?" aliuliza, huku akipapasa kutafuta miwani.