Sikio la Kuchagulia Risiva

Jumamosi ile Barabara ya Sita ilifurika watu utadhani serikali yote imehamia Dodoma kwa mkupuo, jambo ambalo wenyeji walikuwa wakiahidiwa tangu wengine hawajaota meno. Ulikuwa mwaka elfu mbili. Biashara zilikuwa huria, bidhaa zilimwagika, na kila mwenye duka alitoa spika mlangoni akazipigisha kelele, hata yule muuza dawa za mifugo. Duka la Wilbert lilikuwa na mpangilio wake. Nyuma ya kaunta alitenga chumba kidogo chenye viti vitatu na spika tano, mbele na nyuma, ili mteja akae katikati asikie sinema inavyomzunguka.

Ndani ya chumba hicho, juu ya stuli, alisimama Anifa akining'iniza mapazia mazito aliyoyashona mwenyewe. Alikuwa binti wa watu wa Kwa Mtoro, mrefu, maji ya kunde, amevaa gauni la kitenge cha kijani na mtandio wa njano uliofunika masikio yote mawili. Mtandio ulimpendeza, lakini ulikuwa na kazi nyingine pia. Sikio lake la kushoto lilikufa alipougua matubwitubwi utotoni, na tangu hapo halikusikia hata radi. Huwezi kumjua. Alikuwa amejifunza kutazama nyuso na midomo, na kila anayezungumza naye humweka upande wa kulia. Aliwahi kuchumbiwa, akamwambia mchumba wake ukweli, na kabla mwezi haujaandama posa ikavunjwa, eti familia haiwezi kuoa mgonjwa. Anifa alilia, akanyamaza, akaapa kwamba hakuna mwanamume mwingine atakayeisikia habari hiyo kutoka kinywani mwake.

Wilbert aliingia na mteja. Huyu alikuwa Abdulnasiri, kijana wa mjini, wa koo zile ambazo mababu zao walifika na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuendelea mbele. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na viatu vyeusi vyenye madoa ya mafuta, kwa sababu alikuwa na mashine ya kukamua alizeti kule Kizota na hakuna kiatu kinachosalimika huko.

"Za maana ni hizi mbili tu," alisema Wilbert, akizigonga risiva, mashine za kugawia spika sauti, zilizokaa juu ya meza. "Hii ya vifungo vya fedha ndiyo mfalme. Kila spika inapewa sauti yake. Hii nyeusi nayo ni mashine ya nguvu, ila haina mbwembwe."

"Mimi naona zote zinanguruma sawa. Ninashinda na mashine kutwa, masikio yangu usiyaamini." Abdulnasiri akainua macho. "Dada uliye juu huko! Wewe huna maslahi humu. Hebu shuka utusaidie."

"Mimi ni fundi mapazia, kaka."

"Ndiyo maana nakutaka wewe. Huyu Wilbert ana lake."

Anifa akashuka, akakaa kiti cha katikati. Wilbert akaweka sidii. Mvua ikanyesha chumbani, miti ikatikisika, na ndege mmoja akalia.

"Kalia wapi?" Abdulnasiri aliuliza.

Ndege Anifa alimsikia. Alikolia ndiko hakukujua, maana kwa mtu wa sikio moja sauti zote hutoka mahali pamoja. Lakini alimwona Wilbert, aliyeijua ile sidii kwa moyo, akitupa jicho kwenye kona.

"Nyuma, kushoto," alisema.

"Loh! Mimi nilidhani ndege yuko barabarani!" Abdulnasiri alicheka mpaka Anifa naye akacheka. "Jina lako nani, dada?"

"Anifa."

"Mimi Abdulnasiri. Basi sinunui risiva mpaka uichague wewe."

"Utangoja sana."

"Nimeshazoea. Nimejenga Nkuhungu, nimehamia, na sebule mpaka leo haina pazia."

"Hapo sasa umefika kwa mwenyewe," alisema Anifa, naye akajishangaa kwa ulimi wake.

Ndivyo walivyoanza. Anifa alikuwa akishona na dada yake, mtoto wa mama mkubwa, aitwaye Mwamvua, karibu na soko la Majengo. Simu ya mezani pale ilikuwa ya wateja, lakini baada ya wiki chache ikawa na mteja mmoja.

"Haloo, fundi. Sebule yangu inalia kama pipa tupu. Njoo uipime."

"Si tuliipima juzi na da Mwamvua?"

"Tangu juzi kuta zimesogea."

"Abdulnasiri, una wazimu."

"Ninao. Nilikuwa sina mpaka siku ile ya ndege."

Mwamvua alikuwa akikohoa kwa makusudi, na Anifa akageukia ukutani, simu ameibana kwenye sikio la kulia, akitabasamu peke yake. Jioni nyingine walitembea kutoka Majengo mpaka karibu na stesheni, wakila zabibu kutoka kwenye mfuko mmoja. Kila mara Anifa alimhamisha kijana wa watu upande wa kulia.

"Mbona unanizungusha hivi? Huko kushoto kwako kuna nani?"

"Kuna malaika anayeandika mabaya. Sitaki akujue jina."

"Ameshanijua zamani," alisema Abdulnasiri. Kisha akaacha utani. "Unajua kwa nini nahangaika na risiva? Tulipokuwa wadogo, Idi mosi ilikuwa ni sinema. Ukumbi mzima unatetemeka, unamshika mwenzako mkono. Sasa ukumbi ule ni ghala la saruji, watu wanatazama video vichochoroni, sauti kama nyuki kwenye kopo. Nataka sauti ile nyumbani kwangu. Na mtu wa kuisikiliza naye."

Anifa alimpenda. Hakuna haja ya kuzungushazungusha maneno; alimpenda mpaka akawa anakosea mishono. Mara nyingi aliufungua mdomo amwambie, na kila mara alikumbuka posa iliyovunjika, akaufunga. Abdulnasiri naye alizidi kumsifia masikio yake kwa marafiki. Uongo mdogo wa dukani ukawa mzigo, na kila sifa ikauongezea uzito.

Mapazia yalipokamilika, Wilbert alikubali kuzitoa risiva zote mbili zikajaribiwe Nkuhungu. Anifa alikwenda Jumapili mchana pamoja na Mwamvua, maana asingeingia peke yake nyumbani kwa mwanamume asiyeoa. Mwamvua akajipeleka jikoni kukaanga sambusa, akaacha mlango wazi kwa heshima na kelele za mafuta kwa hisani.

Abdulnasiri akavuta mapazia. Kitambaa kilikuwa kizito, kazi nzuri ya Anifa mwenyewe, na sebule ikawa giza. Akawasha ile ya vifungo vya fedha. Sinema ikaanza.

"Haya, gari limepita wapi?"

Hapakuwa na uso wa kutazama. "Kulia," alisema Anifa.

"Limepita kushoto! Na farasi?"

"Nyuma."

"Mbele, mama! Leo umeamua kunichezea." Alicheka, lakini sauti ilikuwa na wasiwasi.

Anifa alikuwa amebanwa kwenye mkono wa sofa ulio karibu na ukuta, upande wa kulia hapana nafasi. Abdulnasiri akaja akakaa kushoto kwake. Mvua ya kwenye sinema ikazidi, radi zikapasuka. Akainama kwenye mtandio, akayasema maneno aliyoyafanyia mazoezi wiki nzima mbele ya mashine ya alizeti: kwamba amechoka kumpigia simu, kwamba anataka amuoe, wakae humo wawili.

Anifa hakusikia hata neno moja. Alihisi pumzi tu shingoni, yenye joto, akadhani mwenzake amesogea kwa mapenzi. Aliona haya, akasogea mbele kidogo, akaendelea kutazama.

Abdulnasiri alingoja. Kisha akainuka, akazima, akafungua mapazia. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Twendeni niwarudishe," alisema.

"Na sambusa zangu?" Mwamvua aliuliza kutoka jikoni.

Wiki ikapita simu haikulia. Anifa alikuwa na hakika ya kilichotokea: alibahatisha vibaya, kijana kagundua, basi tena. "Mpigie wewe," Mwamvua alimsihi. Anifa alitikisa kichwa. Alichomwa sindano kidoleni, akafurahi kupata sababu ya kulia.

Aliyeuleta ukweli ni Wilbert, alipokuja kuchukua vitambaa vya kaunta.

"Anifa, mimi si ndugu yako, lakini nitasema. Kama humtaki mtu, mwambie. Mwenzio anakuomba ndoa, wewe unamkalia kimya na kumpa kisogo! Kesho anazirudisha risiva zote mbili. Anasema nyumba hiyo haina tena haja ya sauti."

Cherehani ya Anifa ilisimama. "Aliniomba nini?"

"Ndoa. Sebuleni kwake. Jumapili."

Anifa akaona picha nzima: sofa, ukuta, giza, pumzi upande wa kushoto. Akafunga mtandio, akatoka bila kuaga.

Kizota, mashine ilikuwa ikinguruma na harufu ya alizeti imejaa hewani. Pembeni, juu ya pikapu, maboksi ya risiva yalikuwa yameshafungwa kamba.

"Assalaam aleikum."

"Waaleikum salaam," alijibu Abdulnasiri bila kumtazama. "Kuna pazia limebaki?"

"Zima mashine. Nina neno."

"Kuizima rahisi, kuiwasha ni kazi."

"Zima, Abdulnasiri."

Akazima. Kimya kikatanda, na vibarua waliokuwa wakishona magunia wakawa wanashona hewa.

"Sikio langu la kushoto halisikii," alisema Anifa. "Halisikii kabisa, tangu utotoni. Jumapili ulikaa upande huo. Sikujua kama umesema kitu. Wilbert ndiye ameniambia leo."

Abdulnasiri akageuka, akamtazama. "Na yule ndege wa dukani?"

"Nilimtazama Wilbert machoni."

"Kwa hiyo siku zote hizi, masikio masikio, nikikutangaza mji mzima, wewe unanitazama tu mjinga wa watu?"

"Nilikuogopa."

"Mimi? Nina nini cha kuogopwa?"

"Una miguu ya kuondokea. Niliyemwambia kwanza aliondoka." Anifa akakaza mtandio. "Wewe nakupenda, ndiyo maana nilishindwa. Sasa nimesema. Ukitaka kuzirudisha risiva, zirudishe. Lakini usizirudishe ukidhani nilikukataa."

Abdulnasiri alifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. Hasira ilikuwa bado usoni, na kitu kingine nacho, ambacho Anifa hakuweza kukisoma.

"Leo jioni njoo na Mwamvua," alisema mwishowe. "Nataka kuzisikiliza mara nyingine. Sina jibu jingine sasa hivi."

Anifa alirudi Majengo hajui kama anakwenda kupokelewa au kuagwa.

Jioni hiyo sebule ilikuwa na taa na mapazia yamefunguliwa. Abdulnasiri aliwakaribisha, akamkalisha Anifa upande wa kushoto wa sofa, yeye akakaa kulia kwake. Halafu akatoa bonge la pamba mfukoni, akalishindilia katika sikio lake la kushoto, na juu yake akabandika kiganja.

"Unafanya nini?"

"Ngoja kwanza, nasikiliza."

Akawasha mfalme wa vifungo vya fedha. Katika sinema watu wawili walikuwa wakigombana barabarani chini ya mvua. Abdulnasiri akakunja uso, akasogeza kichwa, akakunja uso zaidi.

"Wanasema nini hawa?"

"Sijui. Mvua ikianza huwa siwapati."

"Ndivyo unavyosikia siku zote?"

"Ndivyo."

Hakusema pole. Aliinuka akahamisha nyaya kwenye ile risiva nyeusi, isiyo na mbwembwe, akairudisha sinema palepale. Mvua ikarudi nyuma. Watu wakasogea mbele, maneno yao yakatoka kwenye spika ya katikati yamenyooka.

"Huyu anasema hakumwona!" Anifa alipiga makofi. "Namsikia! Kumbe wanagombea punda!"

"Basi ni hii. Mfalme arudi dukani."

"Lakini wewe ulitaka sauti ikuzunguke, kama ule ukumbi."

"Nilitaka kukaa na mtu tusikie kitu kimoja."

Aliongeza sauti kidogo, labda ili apate pa kujifichia. Macho ameyakaza kwenye televisheni, kiganja bado sikioni, akasema kwa nguvu, kama mtu aliyezoea kushindana na mashine: "Anifa, nauliza tena, na leo nimekaa upande unaofaa. Utakubali nikuoe?"

Anifa alitaka kujibu kwa sauti ya heshima, ya kukumbukwa. Ilitoka ndogo, imelowa machozi.

"Nimekubali."

Mwamvua, aliyekuwa mlangoni na sinia la sambusa, alilisikia jibu akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Abdulnasiri hakugeuka. Alikuwa bado anatazama mbele, anangoja. Taya zikamkaza, shingo ikamsimama, na polepole rangi ikaanza kumtoka usoni. Anifa akauona, kwa taa yote iliyowaka, uso ambao giza lilimficha Jumapili ile.

Akakishika kile kiganja, akakiondoa. Akaichomoa pamba kwa vidole vyake mwenyewe, akasogeza midomo karibu na sikio.

"Nimeshakubali, bwana. Umechelewa kusikia."