Maharagwe ya Kipekee

Kila Jumatano asubuhi, kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la sita wa shule moja ya Muheto walipalilia bustani ya shule. Kila mmoja alikuwa na tuta lake la maharagwe. Siku hiyo jembe la Elodie lilikuwa likikwaruza tu juujuu, kwa maana macho yake yalikuwa kwenye tuta la jirani yake, Estelle. Maharagwe ya Estelle yalipanda fito hadi kumpita mtu mzima, na ya wenzake yaliishia kifuani.

Wiki iliyotangulia Mwalimu Viateur aliyasifu, akasema, "Hii kazi iko ya kipekee!" Tangu hapo Elodie hakuwa na raha. Mbona Estelle aliwahi kufika bustanini kila siku? Mbona alificha kikapu nyuma ya ukuta? Tena gunia la mbegu mpya nyekundu, lililowekwa ofisini tangu kabla ya kupanda, kungoja msimu ujao, lilikuwa limetoboka pembeni. Ukweli ni kwamba wivu ulikuwa umemkaba Elodie, lakini yeye aliuita haki.

"Mwalimu!" alipaza sauti ili wote wasikie. "Estelle aliiba mbegu mu gunia ya ofisi. Njo maana maharagi yake iko marefu vile."

Mmoja mmoja wenzao wakaanza kusogea mbali na Estelle.

"Si mimi, Mwalimu," Estelle alisema. "Mbegu ilitoka kwa mama."

"Kama uliiba, hili tuta si lako tena, na mama yako ataitwa kwa direkta wa shule," Mwalimu alisema. "Tutajua sasa hivi."

Akachuma maganda makavu kutoka mashina kadhaa ya Estelle, akayapasua. Zikatoka punje za njano, nyeusi, nyeupe na za madoadoa.

"Mbegu ya gunia iko nyekundu tupu," alisema. "Hii iko muchanganyiko, vile mama zetu wanapandaka. Gunia ilitobolewa na panya. Direkta alitega mutego tangu juzi. Estelle, mu kikapu muko nini?"

"Samadi ya mbuzi, Mwalimu. Niliogopa watanicheka. Na fito nilienda kukata ndefu kule mtoni."

Elodie alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Elodie, unajua neno kipekee lilitoka wapi?" Mwalimu alimuuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Lilitoka mu neno peke. Kitu chenye kupita vingine kinasimama peke yake, njo maana kila muntu anakiona. Mwenye wivu anakiona vibaya. Kabla ya kumuita muntu mwizi, umuulize kwanza alifanya aje."

Elodie akamwendea Estelle. "Unisamehe, dada," alinong'ona.

"Uliniita mwizi mbele ya wote," Estelle akajibu.

Elodie akageuka, akawatazama wenzake. Uso ulimwaka kwa aibu.

"Estelle si mwizi!" alisema kwa sauti ileile ya mwanzo. "Mimi njo nilikosa."

Mwalimu Viateur akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Vizuri. Na ninyi wote mulisogea mbali bila kuuliza kitu. Muntu akifanya kazi kuwashinda, mumukaribie, awafundishe. Musimuache peke yake."