Majivu Nyuma ya Jiko

Kila asubuhi kabla ya sala, wanafunzi wa zamu katika shule ndogo ya kanisa, karibu na kijiji cha Masakta chini ya mlima, walichota maji, wakafagia na kupika uji. Shule ilikuwa bado changa. Wazee wa kanisa walifyatua matofali wenyewe, na Mwalimu Verediana alianza kufundisha hata kabla paa halijaezekwa. Nyuma ya jiko lilianzia shamba la ngano la serikali, kubwa kiasi kwamba mwisho wake haukuonekana.

Siku hiyo zamu ya jikoni ilikuwa ya Zita. Majivu yalitakiwa kumwagiwa maji kabla ya kutupwa, lakini ndoo ilikuwa tupu na kisima kilikuwa mbali. "Yameshapoa haya," alijisemea. Akayatupa nyuma ya jiko, akakimbilia darasani.

Kabla ya mapumziko, upepo mkali ulishuka kutoka mlimani. Letisia, aliyekaa dawati moja na Zita, ndiye aliyeona moshi dirishani.

"Moto! Mwalimu, moto!"

Wote walitoka mbio. Majani makavu yalikuwa yakiwaka kuelekea kwenye ngano iliyoiva. Waliupiga moto kwa matawi mabichi huku wakikohoa. Mfugaji mmoja aliacha ng'ombe wake, akaja kuupiga kwa shuka lake. Alikuwa Gidamis, baba yake Letisia, mfugaji wa kwanza kumleta binti yake katika shule hiyo. Hatimaye trekta la shamba lilifika, likalima ukanda mpana mbele ya moto, nao ukazimika. Sehemu ndogo ya ngano ilikuwa imeungua.

Meneja wa shamba aliposhuka garini pamoja na askari wa shamba, alimwona Gidamis na shuka lake lililoungua.

"Ni wewe! Mnachoma majani ili ng'ombe wapate malisho mapya. Mpakieni, apelekwe polisi Katesh!"

"Mimi nimekuja kuzima," alisema Gidamis.

"Baba!" Letisia alilia, akimng'ang'ania mkono.

Zita alisogea mbele, kisha akasita. Meneja alikuwa amelalamika mara nyingi kwamba shule iko karibu mno na ngano. Zita akisema ukweli, huenda shule ikafungwa. Askari walikuwa tayari wanafungua mlango wa gari.

"Shikamoo, bwana meneja," alisema Zita. "Mwacheni baba yake Letisia. Nilitupa majivu pale bila kuyamwagia maji."

Meneja alimgeukia mwalimu. "Umesikia? Shule yako ilitaka kuniteketezea shamba!"

"Nimesikia," alijibu Mwalimu Verediana. "Na mimi sikukagua jiko. Tuadhibu sisi, huyu mwachie."

Meneja aliyasogelea majivu, akayachokoa kwa kiatu. Kisha akawaashiria askari wamwachie Gidamis.

"Jiko lihamishwe upande wa pili wa shule," alisema. "Nitakuja kukagua mwenyewe. Moto ukitokea tena, shule hii itafungwa."

Gari lilipoondoka, Zita alipiga magoti mbele ya Gidamis. "Nisamehe, baba."

Gidamis alimwinua. "Uliposema, nilikuwa bado hapa, hawajanichukua," alisema. "Inatosha."

Jumamosi wazazi walikuja kujenga jiko jipya. Gidamis alileta nguzo. Zita alichota maji ya kukandia udongo tangu asubuhi, bila kuagizwa. Mwalimu Verediana alimsogelea.

"Zita, ulikwepa safari moja ya kisimani, tukakaribia kupoteza kila kitu. Usifanye kazi nusu tena. Lakini ungenyamaza ili kuiokoa shule, mimi ningekuwa nafundisha nini humo ndani?"