Boti Nyeupe ya Baba Wachuka

Wapendwa wangu wa humu, miaka arobaini na nane ya ndoa sijawahi kumdanganya mume wangu.

Haya, isipokuwa zile siku nilikuwa macho.

Lakini hii ya Jumamosi si ya kucheka...

Baba Wachuka alikuwa ndani ya dam, maji kifuani, akifuata boti ya plastiki. Na mimi, nimekalia jerikeni na thamosi ya chai mkononi, nilijua ni nani amemtia huko.

Ni mimi.

Ngojeni niwarudishe nyuma.

Mzee wangu, Dedan, alipostaafu alishika kazi moja: kuvua carp, wale samaki wanene wa midomo ya kunyonya, kwa dam iliyo juu ya mji wa Chaka. Mimi samaki sili. Wazazi wetu walituambia ni jamaa ya nyoka. Lakini sikumkataza. Alitoka alfajiri, akarudi jioni. Miaka kumi na moja nimekunywa chai ya saa kumi na paka.

Mwezi wa pili akaugua. Mkono wa kulia ukalegea, hata kijiko ukakataa. Kurusha ndoano kukaisha. Akakaa akiangalia ukuta.

Nikawa namfunga vifungo vya shati, namkatia nyama. Kila Jumanne, nikienda kikundi cha akina mama, rafiki yake Gathogo alimchukua ati akaangalie wengine wakivua. Siku zingine zote alikuwa wangu. Saa kumi tunakunywa chai wawili, ananisimulia mambo ya ujana wake ambayo sijui alikuwa ameyaficha wapi.

Mungu anisamehe. Nilikuwa na furaha.

Halafu Wachuka, binti yetu, akapiga simu. Baba atafutiwe boti ya rimoti. Unaweka chambo tumboni, unatundika ndoano, boti inapeleka yote hadi katikati ya maji. Ukibonyeza, tumbo linafunguka, chambo kinashuka. Hurushi kitu.

Mzee akaacha kuangalia ukuta.

Tukaenda Nanyuki kwa duka la Yahye. Ziko mbili.

"Shosho, hii nyeusi ni nzito, iko na mota mbili na betri kubwa," Yahye akaniambia. "Upepo wa mlima hauisumbui. Hii nyeupe ni nyepesi, ni ya kidimbwi cha nyumbani."

Dedan alikuwa upande ule mwingine akipekua ndoano.

"Mama Wachuka, kijana amesema tuchukue gani?"

Rafiki zangu... nilikuwa na sekunde moja ya kuwa mtu mzuri.

"Nyeupe," nikasema.

Yahye akaniangalia. Akaangalia mvi zangu. Akachukua ile nyeupe, akaifunga.

Niliwaza, itamsumbua, ataichoka, atarudi kwa chai.

Basi Jumamosi upepo ukashuka kutoka mlimani. Boti ikazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, ikakwama kwa matete, betri ikakata roho. Gathogo akasema iachwe. Dedan akasema haiwezekani, hiyo ni boti mke wake alimchagulia.

Akavua viatu, akaingia.

Maji magotini. Kiunoni. Kifuani. Nikaona kofia yake inaelea, na chini ya kofia hakuna mtu...

Nilihesabu hadi sita. Sitasahau ile sita.

Akaibuka. Akatembea hadi ukingoni, meno yakigongana, boti begani.

"Usijali, Mama Wachuka. Boti yako iko salama."

Boti yangu. Nikalia kama mtoto.

"Nilikudanganya," nikamwambia. "Yahye alisema nyeusi. Mimi nilitaka ubaki nyumbani. Nilitaka ile chai ya saa kumi."

Akatikisa kichwa kutoa maji masikioni.

"Najua. Duka lenyewe ni kama choo kwa udogo. Niliugua mkono, sikuugua masikio."

"Na mbona hukusema?"

"Hata mimi ile chai naipenda."

Kwa hivyo nyinyi mnaosoma, shikeni hili: ukitaka mtu akae na wewe, mwambie, "Kaa." Usimnunulie boti mbaya. Karibu nizike mtu kwa sababu ya neno la herufi tatu.

Nilitaka kumalizia hapo, mpanguse machozi. Lakini nilipopangusa yangu pale ukingoni, nikaona kitu.

Boti ile, imejaa maji, ilikuwa bado begani. Ameishikilia kwa mkono mmoja.

Wa kulia.

"Dedan," nikasema. Jina hilo nalitumia kwa makosa makubwa tu. "Asubuhi nimekufunga vifungo saba."

Akautazama ule mkono kama ni wa Gathogo.

"Umepona sasa hivi," akasema. "Ni baridi ya maji."

Gathogo akakohoa.

"Sasa Mzee, na Jumanne ukirusha ndoano hadi ng'ambo ya matete, ulikuwa umeingia maji gani?"