Samaki Wasioogopa

Kibanda cha giza cha akina Kingbird kilisimama juu ya barafu, mbali kidogo na ukingo wa ziwa. Hakikuwa na dirisha. Ukifunga mlango, unachoona ni shimo tu lililotobolewa kwenye barafu, na maji yake. Lavonne aliketi humo, mkono mmoja umeshika mkuki. Kwa mkono wa pili alichezesha kamba yenye samaki bandia, samaki wa mti wa kuchongwa, ili samaki wa kweli amwone na kusogea.

Miaka yote maji hayo hung'aa kijani, maana mwanga wa jua hupenya barafu. Leo yalikuwa meusi kama kahawa ya mama yake. Tena yalinuka yai viza.

Mara kichwa kikatokea. Samaki mrefu, mwenye meno. Hakumtazama yule wa mti. Alipanda moja kwa moja hadi juu, akafumbua mdomo, akaufumba, akaufumbua tena. Nyuma yake akaja mwingine, kisha mwingine. Wakajaa shimoni, macho yakimkodolea. Lavonne akatikisa mkuki. Hawakukimbia. Chini ya miguu yake barafu ikanguruma, sauti ndefu kama mtu anayeugulia. Nywele zikamsimama, akatoka mbio bila kofia.

Kaka yake, Verlyn, alikuwa nje akirundika theluji kuzunguka kibanda.

"Vipi, umeona mzimu?"

"Samaki wananiangalia, Verlyn."

"Wakuangalie nini, na sura hiyo?"

Verlyn akachungulia ndani. Alirudi anacheka. "Bahati hiyo, dada! Wamejileta wenyewe. Lete ndoo!"

"Samaki mzima hajileti kwa mwenye mkuki. Na hayo maji mbona meusi? Nipe beleshi niondoe theluji, mwanga uingie."

"Thubutu! Theluji ndiyo blanketi lao. Ukiwafunua, watakufa kwa baridi."

Nyumbani mama yao, bibi Josette, alikuwa anakoroga supu ya mchele wa ziwani, ule unaoota wenyewe majini. Aliposikia habari hiyo, mwiko ulisimama.

"Nilipokuwa mdogo walikuja mashimoni vivyo hivyo," alisema polepole. "Barafu ilipoyeyuka, ukingo mzima ulikuwa mweupe. Samaki wafu, matumbo juu. Tulikaa miaka hatujala samaki wa hapa."

Hakuna aliyecheka tena. Familia hii hula kutoka ziwani majira yote ya baridi. Lavonne alimpigia simu binamu yao Delphine, anayepima hali ya maji katika maziwa ya kabila lao.

Mchana huo Delphine alipiga magoti kando ya shimo, akashusha waya wa kipimo chake.

"Oksijeni imebaki kidogo sana," alisema. "Samaki hawa hawakuja kukutazama, dada. Wanatafuta pumzi."

"Si wana maji tele?" Verlyn akauliza.

"Samaki anavuta oksijeni iliyo ndani ya maji. Barafu imefunika ziwa, hewa ya juu haiingii. Sasa nani anawatengenezea oksijeni huko chini?"

Delphine akaonyesha chini, shimoni.

"Mimea ya majini. Lakini mmea unahitaji mwanga. Theluji ikiwa nene, chini ni usiku mtupu. Mimea inaacha kazi, mingine inakufa na kuoza kwenye tope. Vijidudu vinavyoiozesha navyo vinakula oksijeni. Hiyo harufu ndiyo kazi yao."

"Kumbe blanketi langu linawaua!" Verlyn alishika kichwa. "Na baridi je?"

"Barafu yenyewe inawakinga. Maji ya chini hayagandi. Mwaka jana theluji ilikuwa nyingi vilevile na ziwa lilipona. Mlifanya nini?"

Bibi Josette, aliyekuwa amewafuata hadi kibandani, ndiye aliyejibu.

"Baba yenu alikuwa anaifagia. Kila theluji ikianguka, alisafisha nusu ya ziwa ili wajukuu wacheze kuteleza kwenye barafu. Nilimwambia anajichosha bure."

Baba yao alifariki majira ya joto. Baridi hii hakuna aliyekumbuka kufagia. Lavonne alilia palepale, machozi yakamgandia shavuni.

Walipima kwanza unene wa barafu. Walipoona ni salama, walianza kazi. Verlyn aliendesha mashine ya kusukuma theluji, wengine wakashika mabeleshi. Walifungua njia pana kutoka ukingo hadi ukingo, wakaiacha barafu tupu ing'ae. Kila theluji mpya ilipoanguka, walirudi. Kila siku ya jua, mimea iliyobaki hai ilifanya kazi. Samaki wengine walikufa, hilo halikuzuilika. Lakini kipimo cha Delphine kilianza kupanda.

Mwisho wa Februari Lavonne aliingia tena kibandani, akafunga mlango. Maji yalikuwa ya kijani. Harufu ilikuwa imekwisha.

Alichezesha samaki wa mti. Kutoka pembeni akaja samaki mrefu, mwenye meno, mdomo kaufumba. Alisogea, akamkagua yule wa mti. Kisha akainua macho na kumwona Lavonne.

Akatimka, mkia ukayavuruga maji.

"Umemkosa?" Verlyn alipaza sauti nje.

"Hata sijarusha mkuki!" Lavonne alijibu, akicheka na kufuta macho. "Ameniogopa, Verlyn! Ameniogopa!"