Pompi Kwenye Viazi vya Belyse

"Nani ameingia na pompi ya dawa mu shamba yangu?"

Belyse alikuwa amesimama katikati ya matuta kule Nyakiriba, simu sikioni, vidole vimejaa unga wa njano alioufuta kwenye majani ya viazi. Harufu ya dawa ilimchoma pua.

"Chérie, asubuhi yote hii na makelele?" Ganza, mchumba wake, alijibu. "Pengine ni ya jirani. Upepo umeileta."

"Upepo! Upepo umepita tuta kwa tuta, juu ya majani na chini yake? We Ganza, unaniona mi mujinga?"

"Mi sijui. Niko mupakani, Grande Barrière, iko watu wengi. Tutaongea."

Akakata. Khaa! Hasira zilimpanda Belyse. Chuoni alikuwa akisomea uhasibu, na kilimo endelevu lilikuwa somo lake la pembeni tu. Wenzake walimcheka, eti mhasibu wa samadi. Lakini ndilo somo alilolipenda, na shamba hilo, aliloazimwa na mama yake Ganza, lilikuwa mtihani wake: msimu mzima wa viazi bila tone la dawa. Mwalimu Rwema alikuwa njiani kuja kulikagua. Bila alama zake, hakuna kuhitimu.

Meseji ikaingia. Ganza: "Usiambie mwalimu kitu. Viazi iko muzuri sasa, atakupa points mingi."

Kumbe anajua! Belyse alishuka mbio mpaka kwa Mama Cansilde, mkwe wake mtarajiwa. Pompi ilikuwa uani, bado inadondosha maji.

"Maman, nani ametumia hii?"

"Ganza. Mi ndiye nilimutuma," Cansilde alijibu huku akichambua maharage. "Jumamosi wajomba wako wanatoka Goma kuona nyumba utakayoolewa. Wapite kwenye shamba ya majani ya madoadoa? Watasema sisi ni wavivu. Huku kwetu, shamba isiyopigwa dawa ni haya, binti yangu."

"Lakini niliwaeleza, Maman! Wote wawili, hapahapa!"

"Nilidhani ni maneno ya shule tu."

Pikipiki ikanguruma nje. Ganza akashuka, jasho linamtoka. Hata hawajasalimiana, Mwalimu Rwema naye akatokea akitoka shambani, jani la viazi mkononi, uso umekunjamana. Majirani wakaanza kusogea.

"Belyse, hii ni nini?"

"Ni dawa, mwalimu. Lakini si mimi."

"Kila mwanafunzi husema hivyo. Aliyepiga akikiri mbele yangu, nitakupa msimu mwingine. La sivyo, umefeli."

Belyse akamgeukia Ganza.

"Sema, Ganza."

Ganza akatazama majirani, akatazama viatu vyake.

"Mi sijui kitu. Pengine alipiga mwenyewe, aliogopa viazi itaoza."

Jamani! Belyse alihisi kama amechapwa kibao.

Ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika. Cansilde alikuwa amesimama.

"Ganza! Unasema uongo mbele yangu, mi niliyekutuma?" Akamgeukia Rwema. "Mwalimu, ni huyu mutoto wangu. Pompi ile pale, iko na maji bado. Kosa ni yetu, si ya huyu binti."

Rwema akashusha pumzi. "Basi Belyse atarudia msimu ujao."

"Mwalimu, ahsante," Belyse alisema, kisha akaanza kutafuta namba ya mjomba wake kwenye simu.

"Belyse, nisikilize," Ganza alimshika mkono. "Niliona haya mbele ya watu. Utavunja ndoa juu ya viazi?"

"Usiniguse! Viazi? Dawa ningekusamehe, ulitumwa. Lakini uliniona nazama, ukanikanyaga kichwa!"

Akapiga simu palepale, sauti juu, majirani wote wasikie.

"Tonton Mugabo, Jumamosi musivuke mupaka. Hakuna ndoa."

Cansilde alikuwa akilia. "Binti yangu... na shamba, utaiacha pia?"

Belyse akafuta machozi kwa kiganja.

"Shamba nachukua, Maman. Nitarudi kupanda. Kijana wako, baki naye."